Mkono Unaitwa Nani

Gereza la wanawake
4 Februari

Kwako wifi,

Nakusalimu harakaharaka kabla karatasi haijaniishia. Huku ni karatasi moja kila wiki mbili, na bibi jela anaisoma kwanza kwa sauti, na akifika pasipomhusu anaongeza sauti. Mimi mzima. Wamenipeleka chumba cha cherehani, nashona kola. Kola tu. Mwenzangu wa kushoto anashona mikono, wa kulia anaweka vifungo, na hakuna kati yetu aliyewahi kuliona shati zima.

Wifi, ahsante kwa kumchukua Kidoti. Mimi sina mama wala dada, na wewe umemzika kaka yako juzi kwa ajali ambayo usukani niliushika mimi. Ungenifungia mlango nisingekulaumu. Umeufungua, na miaka minne si michache.

Ombi langu ni dogo na litakuchekesha. Ile kompyuta niliyokuletea pamoja na nguo za mtoto ina mchezo. Jina lake ni la kigeni, lakini Kidoti anawaita waliomo humo vimanyoya. Ni wanyama wa kwenye kioo. Wanaanguliwa kutoka kwenye mayai, wanakula, wanaumwa, wanazaana, wanazeeka na kufa. Sasa hivi wako wawili: Kibonge, ambaye ni bibi kizee, na Mdokozi, ambaye ni mtoto na jina lake limetokana na tabia. Ukiwazima hawafi, wanaganda walipo hadi uwawashe. Ila Kidoti amezoea kuwaona kila siku baada ya chakula cha mchana, na nataka awe na kitu kimoja maishani ambacho hakijahama.

Si kazi ngumu. Kwenye kioo kuna mkono, unauendesha kwa kipanya. Ukitaka kimanyoya ajifunze neno, unauweka mkono juu ya kitu, tuseme mpira, unaandika "mpira", naye anajaribu kulisema. Akipatia unampapasa kichwani. Akikosea unampiga kibao kimoja cha mgongoni, kidogo tu. Mara kumi, kumi na tano, neno limeingia na halitoki. Wakubwa wanawafundisha wadogo, kwa hiyo ukimfundisha mmoja umefundisha ukoo mzima.

Mwambie Kidoti mama amesafiri na gari la mikate kama siku zote za kazi, ila safari hii njia ni ndefu. Jela si neno la mtoto wa miaka minne.

Wifi yako,
Mama Kidoti

&nbsp;

Saluni
19 Februari

Wifi,

Barua yako imefika ikiwa imefunguliwa na kubandikwa upya kama kope za bandia za mteja wangu mmoja, upande mmoja unaning'inia. Nimeisoma hivyohivyo.

Mtoto hajambo. Anakula, analala, anauliza. Nimemsuka mistari sita kwenda nyuma. Alilia mistari miwili, ile minne akanyamaza kwa sababu nilimweka mbele ya kompyuta. Nimeiweka humu saluni, juu ya meza ya rangi za kucha, maana nyumbani soketi nzima ni moja na ina pasi. Sasa waliopagawa ni wateja. Mke wa mwalimu mkuu alikuja kuosha nywele tu, akakaa hadi saa tisa akimwangalia Kibonge anavyoutafuta mpira alioukalia mwenyewe.

Mimi na mashine hatujawahi kuelewana, lakini hawa wa kwako nimewaweza. Mdokozi nilimpapasa siku ya kwanza hadi akalala. Nimegundua ana tabia za wanaume wa mtaa huu, akishiba anageukia ukuta.

Ila kuna jambo acha nikuchekeshe nalo. Mkono ukitokea tu wanaukimbilia wote wawili, na kile kiwingu cha maneno kinatokea juu ya vichwa vyao: mama, mama. Wananiita mimi. Mimi, wifi, ambaye kwa miaka yangu arobaini na miwili sijawahi kuitwa mama na kiumbe chochote, wala sikuomba. Kidoti akanieleza kwamba zamani wewe ndiye uliyekuwa unauendesha mkono, naye akakuomba uwafundishe kuuita hivyo. Basi nimerithi cheo. Wateja nao wamedaka. Nikimwambia mtu akae dakika kumi zaidi kwenye draya ananijibu, "Sawa, mama."

Kaka angecheka hadi akohoe. Juzi nilisahau, nikamwekea sahani.

Wifi yako,
Msusi

&nbsp;

Gereza la wanawake
3 Machi

Wifi Msusi,

Barua yako nimeisoma hadi mikunjo imechanika. Chumba kizima cha cherehani sasa kinamjua Mdokozi. Yule mwenye vifungo kaniuliza kama kweli anaiba au anaonewa tu.

Sasa nisikilize bila kununa. Hilo la kuitwa mama limenikaa vibaya. Najua ni mkono wa kwenye kioo, najua ni wanyama wasiokuwepo. Lakini siku nne sasa linanisumbua, hadi juzi nimeshona kola mbili kichwa chini. Kidoti anakaa hapo kila mchana. Anakuona wewe ndiye unayewalisha, anawaona wenzake wanakuita mama. Mtoto wa umri ule anaunganisha upesi. Na mimi nimebakiwa na jina hilo tu, wifi. Nguo zangu wamechukua, leseni wamechukua, na hapa ndani naitwa namba.

Wafundishe neno jingine. Mkono uitwe shangazi, maana ndivyo ulivyo. Kila mmoja akisema mama, kibao. Akisema shangazi, mpapase. Mdokozi usimwonee huruma, atajifanya hajui. Usiruke hata mara moja, ukiruka moja umeanza upya. Ukishikilia hivyo wiki moja, hutalisikia tena neno hilo humo ndani.

Usinielewe vibaya. Nakupenda, na najua unachonifanyia.

Mama Kidoti

&nbsp;

Saluni
21 Machi

Wifi,

Kazi uliyonituma nimeimaliza. Siku tisa, si saba kama ulivyoahidi.

Kibonge ni mzee lakini ana akili ya kutosha kuogopa, siku ya tatu alishaacha. Mdokozi ndiye kichwa kigumu. Nampiga, anarudi nyuma hatua mbili, anajitikisa, ananiangalia, anasema mama. Nampiga. Mama. Kumbe akiumia ndipo anapozidi kuita, na akiita ndipo ninapopiga, basi siku ya nne tulikwenda hivyo mimi na yeye mara thelathini na moja. Mteja aliyekuwa kwenye draya ndiye aliyehesabu. Siku ya tisa mkono ulipotokea alijikunyata pembeni kwenye kona, kiwingu kikatoka polepole: shangazi. Nilimpapasa hadi kidole kikaniuma. Saluni nzima ilipiga makofi.

Kidoti hakupiga. Siku zote tisa alikuwa kwenye kigoda chake, hataki kuondoka, na kila kibao anakunja mabega. Nilimwambia hawaumii, ni picha tu. Akaniuliza, "Kwa nini anapigwa?" Nikamwambia, "Kwa sababu amesema mama." Ndivyo ulivyoagiza, mimi sikutunga.

Sasa nikupe habari ambayo sijui kama ni nzuri. Mtoto ameacha kukutaja. Kila asubuhi ilikuwa mama anarudi lini, mama amefika wapi na mikate. Juzi alijikwaa kizingitini, akaanguka magoti yote mawili, akafungua mdomo, "Ma," halafu akauziba kwa viganja viwili. Akaangalia mkono wangu. Si uso, wifi, mkono. Nikamwinua, nikampangusa. Alilia bila neno, kama mtu mzima.

Nilifikiri nisikuandikie. Nimeona bora ujue.

Msusi

&nbsp;

Gereza la wanawake
30 Machi

Wifi,

Acha. Ukiipata barua hii acha kila kitu, hata kama una kichwa cha mtu mkononi. Mwite Kidoti, mwambie anaweza kusema mama mara elfu na hakuna atakayemgusa. Mwambie aliyekosea ni mimi. Kisha fungua mchezo, umweke pajani, umpapase Mdokozi kila anaposema mama. Yeye awe anaona. Mpapase hadi mtoto mwenyewe achoke kuangalia.

Halafu mlete. Najua nilisema asijue habari za jela, nimebadili mawazo. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi watoto wanaruhusiwa. Kuna benchi, kuna kivuli kidogo ukutani, wanatupa robo saa. Mwambie ni ghala la mikate ukipenda. Na mimi nitavaa kitambaa nisimtishe na kichwa, wamenikata nywele ovyo, ungelia kama fundi.

Wifi, nilikuonea wivu kwa sababu ya picha. Sasa naona nilichofanya, sindano imenichoma mara mbili tangu asubuhi. Mlete tu anione uso.

Mama Kidoti

&nbsp;

Saluni
2 Mei

Wifi,

Nilianza kufanya ulivyosema. Hilo nataka ulijue kwanza.

Jumapili sikufungua saluni. Nilimweka Kidoti pajani, nikawasha kompyuta, nikamwambia tunamrudishia Mdokozi neno lake la zamani. Mtoto akalegeza mabega, mara ya kwanza tangu Machi. Ulimi nao ukalegea, akaanza kuongea hata simfuati. Akaniambia Mdokozi ni mdogo wake. Akaniambia yai lake lilikuwa na madoa, lilikaa kwenye kiota cha joto siku nyingi bila kupasuka, mkadhani limeharibika. Akaniambia usiku mmoja likaanza kutikisika, baba akasema mkalale, na mama akasema kimanyoya akitoka asiuone mkono atakufa. Mkakaa, wewe na yeye, hadi baba akaamka kujiandaa. Likapasuka baba akivaa viatu.

"Halafu baba na mama wakaenda na mikate," akasema. "Baba hajarudi."

Nikamtelemsha pajani, nikaenda kunawa mikono.

Mahakamani ulisema ulisinzia. Hakimu akakuuliza kwa nini, ukasema uchovu wa kazi. Nilikuwa benchi la pili, wifi. Nilikulilia wewe. Ndugu zetu walinikataza nisimchukue mtoto wako, nikawaambia yule mwanamke alichoka kwa kuwahangaikia mume na mtoto. Nilikutetea hadi sauti ikakauka, shemeji zako hadi leo hawaongei na mimi. Kumbe kaka yangu yuko chini ya udongo kwa sababu ulikesha unaangua yai lisilokuwepo. Na aliyetoka humo ndani ukaniletea nyumbani kwangu nimlishe. Ukaniandikia nimpapase kichwa.

Habari ya Mdokozi nimeimaliza. Niliondoa chakula chote kwenye ile nyumba yao, Kibonge nikawa namlisha pembeni kwa mkono, nikaiacha kompyuta imewaka, nikaendelea kusuka. Ilichukua siku mbili za kazi. Alikuwa anakuja mbele ya kioo kila baada ya muda, anasema, "Njaa, shangazi," kwa adabu, kama nilivyomfunza. Mke wa mwalimu mkuu aliniomba nimpe hata tunda moja. Nikamwambia ageuze kichwa nimalizie upande wa pili.

Kidoti nilimpeleka kwa jirani asione. Alipouliza nikamwambia Mdokozi amesafiri na mikate.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi nina wateja.

Msusi

&nbsp;

Gereza la wanawake
14 Mei

Wifi,

Ni kweli yote. Hakimu aliponiuliza nilifungua mdomo niseme yai, nikawaona watu wote wale waliovaa nguo za msiba, nikasema kazi. Niliona afadhali nifungwe kwa uchovu kuliko kwa upuuzi. Wewe nilitaka kukuambia siku niliyokuletea mtoto. Ulikuwa umeshampashia maji ya kuoga, nikashindwa.

Kaka yako aliniambia nikalale mara tatu. Mara ya tatu alikuwa anacheka, akasema basi yai lipe jina langu. Niliendesha kilomita ishirini nikiwa mzima kabisa. Nakumbuka alikuwa anakunja karatasi ya mkate. Sikumbuki zaidi ya hapo.

Niadhibu mimi, unajua nilipo na siendi popote. Niandikie matusi nitayasoma yote, bibi jela naye atayasoma kwa sauti, sitalalamika. Mtoto hakushika usukani. Usimfanye kitu kwa ajili yangu.

Nijibu hata mstari mmoja.

Mama Kidoti

&nbsp;

Gereza la wanawake
9 Septemba

Wifi,

Hii ni barua ya tisa bila jibu. Nilikwenda kwa mkuu wa gereza nikapiga magoti, akamtuma kwako yule afisa wa ustawi wa jamii. Ripoti yake imerudi, bibi jela amenisomea. Anasema mtoto msafi, amenawiri, nywele zimesukwa vizuri, anamheshimu mlezi wake. Kwa hayo nakushukuru, na nasema kweli.

Kuna mstari mmoja sikuuelewa. Ameandika: "Alipoulizwa mama yake yuko wapi, mtoto alimwonyesha mlezi kwa kidole." Nilimwomba bibi jela arudie, akarudia, na safari hii alisoma kwa sauti ndogo.

Niambie alisikia vibaya.

Mama Kidoti

&nbsp;

Saluni
11 Novemba

Hujambo,

Tangu ile barua yangu ya Mei ya mwaka jana, mwaka mmoja na nusu, nimekaa kimya. Si kwa hasira, hasira iliisha mapema. Barua zako zote zimefika, ziko kwenye boksi la vibanio, na chache nimezifungua.

Afisa alisikia vizuri. Nitakueleza taratibu, maana njia ni ya kwako, uliniandikia mwenyewe ile Machi na nimeitunza barua. Kwanza ujue simpigi. Mtoto si kimanyoya na mimi si mnyama. Alipokuwa ananiita shangazi sikusikia, basi. Anasema, "Shangazi, nina kiu," naendelea kusuka. Anasema tena, naendelea. Siku ya kwanza alikwenda kunywa maji kwenye ndoo ya kuoshea nywele. Siku ya sita alisimama nyuma ya kiti changu, akakunja mabega tayari kwa kibao, akasema lile neno kwa sauti ambayo mteja hakuisikia. Mimi niliisikia. Nikaacha nywele za watu, nikamkumbatia, nikampa juisi baridi, nikampapasa kichwa hadi akasinzia. Kwa Mdokozi ilinichukua siku tisa.

Vimanyoya nao, Kibonge na walioanguliwa baadaye, niliwarudishia neno. Mkono ukitokea wanakuja wote mbio, mama, mama, na Kidoti ndiye anayewapapasa.

Wewe ukabaki huna jina, na mtoto hawezi kukaa na mtu asiye na jina. Shangazi lilikuwa limebaki wazi, nikakupa. Anajua kuna shangazi yake yuko mbali kikazi, anashona. Akichanganya, anakaa kwenye kigoda anatazama ukuta hadi mteja wa mwisho aondoke. Mwanzo alikaa sana, kuna wiki alikaa siku nne. Tangu Juni hajakaa hata mara moja.

Unatoka baada ya miaka miwili, atakuwa na miaka minane. Najua utakuja moja kwa moja mlangoni kwangu, na sitakufungia. Nitakuwekea kiti. Mtoto atakuja na sinia la maji, atakuinamia, atakuambia, "Shikamoo, shangazi." Nataka niwepo siku hiyo nikuangalie uso. Mimi namwita kaka kila siku nikifunga saluni, sina wa kuniitikia. Wewe angalau utaitikiwa.

Januari anaanza darasa la kwanza. Akijua kuandika nitamruhusu akuandikie.

Mama Kidoti

&nbsp;

Nyumbani
2 Machi

Kwa shangazi,

Shikamoo. Mimi ni Kidoti niko darasa la kwanza. Naandika mwenyewe ila maneno marefu mama ananisaidia. Mwalimu anasema herufi zangu zinalala.

Tuna vimanyoya watano. Kibonge alikufa alikuwa mzee. Mdogo kabisa anaitwa Pua. Pua hali. Anakaa kwenye kona na mkono ukija hasemi kitu. Wenzake wote wanasema yeye hasemi. Mama anasema ni mkaidi. Mama anasema wewe unawajua sana. Pua ana nini?

Nakumbuka mtu alikuwa ananikata kucha kwa meno. Alikuwa anazitema dirishani na mimi nacheka. Nilimwuliza mama ni nani. Mama akasema ni wewe shangazi. Ni wewe?

Mama amesema ukijibu vizuri nitakuandikia kila mwezi. Ukijibu vibaya nitakaa kwenye kigoda halafu hatuandikiani tena. Jibu vizuri. Mimi sipendi kigoda kinauma.

Kidoti

&nbsp;

Chumba cha cherehani
16 Machi

Kidoti,

Marahaba. Herufi zako hazijalala, zimeegemea tu, zitasimama. Barua yako nimewaonyesha wenzangu wote tunaoshona nao, na yule anayeweka vifungo amesema hata yeye haandiki vizuri hivyo.

Pua haumwi. Amesikia maneno mawili kwa kitu kimoja, na hajui lipi halina kibao, ndiyo maana ananyamaza. Usimpige na usimpapase. Mwekee tunda karibu na ile kona, uuondoe mkono kabisa kwenye kioo, uende zako ukacheze. Akijiona yuko peke yake atakula. Kusema asilazimishwe, anaweza kukaa hata mwezi mzima bila kusema na asiwe na kosa lolote.

Ndiyo, ni mimi niliyekuwa nakukata kucha kwa meno. Mama yako alikuwa na vichwa vingi vya kusuka, akaniomba nikukate mimi. Ulikuwa unanipa kidole kimoja kimoja, gumba mwisho, na ukishanipa unaniangalia kama nitang'ata. Sikuwahi kukung'ata. Nilikuwa nafurahi sana kukukata, mama yako alinifanyia wema kuniachia kazi hiyo.

Mpe mama yako barua hii aisome yote, kila mstari, hakuna nilichoficha. Akikuuliza kama shangazi amejibu vizuri mwambie amejibu vizuri, na usikae kwenye kigoda. Msikilize mama, ule vizuri, ukikatwa kucha tulia.

Mwezi ujao niandikie tena, hata mistari miwili.

Shangazi yako